Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Takwimu za mifuko ya ETF zinapotangazwa, shangwe huwa ni ile ile: rekodi imevunjwa tena. Mwaka 2009 mifuko hii duniani kote ilikuwa na mali ya takribani dola trilioni 1. Mwaka 2021 ikavuka trilioni 10. Mwisho wa 2024 ikakaribia trilioni 15. Wauzaji, wachambuzi na waandishi wa habari za biashara wakishazitaja tarakimu hizo, hitimisho lao huwa moja: mwekezaji mdogo ameshinda. Soko la hisa lililokuwa la matajiri na mameneja wao sasa liko wazi kwa yeyote mwenye simu na akiba kidogo. Ukuaji wenyewe, wanasema, ndio ushahidi, maana umati wote huo hauwezi kukosea.

Hitimisho hilo halisimami, na sababu si kwamba ETF ni kitu kibaya. Halisimami kwa kuwa limechanganya bidhaa na kifungashio chake. Bidhaa iliyomkomboa mwekezaji mdogo ni mfuko wa fahirisi wenye ada ndogo, unaonunua soko zima na kutulia nalo. ETF ni kifungashio: namna ya kuorodhesha mfuko kwenye soko la hisa ili vipande vyake viuzwe na kununuliwa kama hisa, dakika kwa dakika, soko likiwa wazi. Ndani yake waweza kutia soko zima, na waweza kutia kamari. Sifa zilizochumwa na bidhaa ya kwanza leo zinatumika kuuzia bidhaa ya pili, na kila trilioni inayoongezeka inaufanya ulaghai huo kuwa rahisi zaidi.

Historia iko wazi. Mwaka 1976 John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard, alifungua mfuko wa kwanza wa fahirisi kwa watu wa kawaida nchini Marekani. Uuzaji wa mwanzo ulilenga dola milioni 150. Zikapatikana milioni 11.3. Wall Street ikamcheka. Hoja yake ilikuwa hesabu ya shule ya msingi: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo hawawezi wote kulishinda soko. Wanachokwenda nacho nyumbani ni faida ya soko ukitoa gharama. Basi punguza gharama. Miaka imemthibitisha: ripoti za kampuni ya fahirisi ya S&P zinaonyesha kwamba katika kipindi cha miaka 15 au 20, karibu mifuko 9 kati ya 10 inayochagua hisa za kampuni kubwa za Marekani hushindwa na fahirisi inayojipima nayo. Hoja hiyo ilijengwa na kuanza kuzaa matunda wakati ambapo ETF hazikuwepo kabisa.

ETF zilikuja baadaye, na zilikuja na shida nyingine ya kutatua. Baada ya jaribio la soko la hisa la Toronto mwaka 1990, ETF ya SPY iliorodheshwa Januari 1993 katika American Stock Exchange. Aliyekuwa nyuma yake ni Nathan Most, mtumishi wa soko hilo, na kilichomsumbua Most ni kile kinachomsumbua kila mwendesha soko: biashara ilikuwa haba. Alikuwa amepitia biashara ya mazao na mafuta ya kula, na wazo lake mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi angelielewa haraka kuliko mhitimu wa uchumi: stakabadhi ghalani. Mzigo unabaki ghalani. Kinachozunguka mikononi mwa watu ni karatasi. Most alimwendea Bogle akitaka mfuko wa Vanguard utumike. Bogle akakataa. Yeye alitengeneza mfuko ili watu waushike miaka mingi, na huyu alitaka watu waununue na kuuuza kutwa. Most akaenda kufanya kazi na kampuni ya State Street, na biashara ikaanza. Kwa hiyo tangu mwanzo mmoja alitaka mwenye akiba atulie, mwingine alitaka azunguke. Ajabu ni kwamba leo sifa za Bogle anavikwa Most.

Sikatai kwamba kifungashio hicho kimetengenezwa kwa ustadi. Wakala wakubwa walioidhinishwa hupeleka kwa mfuko kapu la hisa zinazohitajika na kupewa vipande vipya. Wakitaka, hurudisha vipande na kupewa kapu lao. Bei ya kipande ikipanda kupita thamani ya kilichomo ndani, wakala hutengeneza vipande zaidi na kuviuza. Ikishuka, huvinunua na kuvivunja. Hivyo bei hurudi mahali pake bila meneja kutoa jasho. Na kwa kuwa hisa hutoka kwa kubadilishana badala ya kuuzwa, mwekezaji wa Marekani huahirisha kodi ambayo mwenzake mwenye mfuko wa kawaida hulipishwa mapema.

Lakini soma sentensi hiyo tena: mwekezaji wa Marekani. Sehemu kubwa ya mvuto wa ETF kule kwao inatokana na sheria ya kodi ya kwao. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayenunua ETF ya Marekani kupitia apu ya simu haipati nafuu hiyo. Anachopata ni makato ya asilimia 30 kwenye gawio, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani. Na akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, serikali ya huko inaweza kudai kodi ya urithi inayofika hadi asilimia 40 ya kiasi kilichozidi. Mfuko uliosajiliwa Ireland unaofuata fahirisi hiyo hiyo hukatwa asilimia 15 kwenye gawio la kampuni za Marekani na humwepusha mwenye vipande na kodi hiyo ya urithi. Ndani hisa ni zile zile, nje jina ni lile lile la ETF, lakini yanayowapata warithi ni tofauti kabisa. Anayekwambia "nunua ETF tu" bila kukueleza hayo hajakufungulia mlango wowote. Amekuuzia kitu.

Sasa tutazame kinachokua hasa. Mwaka 2019 mamlaka ya masoko ya Marekani ilirahisisha kanuni za kuanzisha ETF, na tangu hapo zimekuwa zikimiminika. Kufikia 2025 nchi hiyo ilikuwa na ETF zaidi ya 4,000, kuzidi kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko yake. Ina maana stakabadhi zimekuwa nyingi kuliko aina za mazao ghalani. Mwaka huo huo idadi ya ETF zinazoendeshwa na mameneja wanaochagua wenyewe cha kununua ilizipita zile zinazofuata fahirisi. Tafakari hilo: yule meneja ambaye mfuko wa fahirisi ulimshinda kwa miaka 40 amerudi kwa mlango wa nyuma, amevaa nguo za aliyemshinda, na sisi tunahesabu ujio wake kama ushindi wa mwekezaji mdogo.

Nyingi katika mpya hizi huzaliwa kwa kufuata upepo. Mtindo wa wakati ukiwa bangi, inatoka ETF ya bangi. Ukiwa akili unde, inatoka ETF ya akili unde. Watafiti Ben-David, Franzoni, Kim na Moussawi walizichunguza ETF za mada maalumu za Marekani na kukuta kwamba huanzishwa baada ya hisa za mada hiyo kupanda sana na habari zake kuvuma, kisha hupoteza karibu asilimia 6 kwa mwaka, hatari ikizingatiwa, katika miaka inayofuata kuzinduliwa. Mfuko wa ARK Innovation ulikuwapo kabla ya sifa zake kuvuma, lakini somo lake ni lile lile. Mwaka 2020 ulipanda karibu asilimia 150, na fedha zikaufuata kwa mabilioni. Mwaka 2022 ulianguka asilimia 67. Waliopanda pamoja nao walikuwa wachache. Walioanguka pamoja nao walikuwa wengi, kwa kuwa wengi waliingia bei ikiwa juu.

Kisha kuna mifuko ya kuzidisha. Fahirisi ikipanda asilimia 10 leo na kushuka asilimia 10 kesho, aliyeanza na shilingi 100 anabaki na 99. Mfuko unaozidisha mara mbili kila siku unapanda 20 na kushuka 20: mia inakuwa 120, halafu 96. Soko limepoteza 1, yeye amepoteza 4, na wala hajadanganywa, maana maelezo yote yako kwenye waraka ambao hakuna anayeusoma. Tangu Julai 2022 Wamarekani wanaweza kununua mifuko ya namna hiyo iliyojengwa juu ya hisa ya kampuni moja tu. Mfuko wa pamoja ulibuniwa ili mtu asiweke mayai yote katika kapu moja. Huu umechukua yai moja na kulipa kapu la fahari.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfuko mpana wa fahirisi wa Marekani leo hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka, yaani dola 3 kwa kila dola 10,000. Nani atalipia matangazo ya bidhaa yenye faida hiyo? Faida iko kwenye yale yanayojitembeza. Katikati ya 2025, kwa makadirio ya wachambuzi, mfuko wa bitcoin wa kampuni ya BlackRock, ulioanza Januari 2024 na unaotoza asilimia 0.25, ulikuwa unaiingizia kampuni hiyo ada sawa na ile ya mfuko wake mkuu wa fahirisi ya S&P 500, ingawa huu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi ya mara nane. Hapo ndipo utajua kwa nini tasnia inasherehekea "ukuaji wa ETF" kwa ujumla wake na kukwepa kuuchambua ukuaji huo mfuko kwa mfuko.

Najua watakachojibu: sehemu kubwa ya trilioni hizo bado iko kwenye mifuko mipana na rahisi. Ni kweli, na ninaitegemea hoja hiyo. Ikiwa fedha nyingi ziko huko, basi takwimu inayosherehekewa inathibitisha ubora wa mfuko wa fahirisi. Haithibitishi chochote kuhusu maelfu ya ETF zilizojibanza kivulini mwake. Isitoshe, trilioni si watu. Mali ya mfuko hukua kwa fedha mpya na pia kwa bei kupanda; mwaka 2024 pekee S&P 500 ilipanda zaidi ya asilimia 23, na hilo peke yake lingeinenepesha mifuko hata bila mwekezaji mmoja mpya kuingia. Wala si kila mnunuzi ni mwananchi mwenye akiba. Japani, Benki Kuu ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa ETF za hisa kuanzia 2010 hadi ilipoacha Machi 2024, ikiwa na shehena ya yen trilioni 37 kwa bei ya kununulia. Septemba 2025 ilitangaza kuanza kuiuza polepole, kwa mwendo ambao utachukua zaidi ya miaka 100. Ukuaji wa soko la ETF la Japani kwa sehemu kubwa ulikuwa sera ya Benki Kuu. Atakayeuita kura ya umma atuonyeshe wapigakura.

Watetezi wana silaha ya pili: wepesi wa kuuza. Mfuko wa kawaida hukupa bei ya jioni. ETF hukupa bei ya sasa hivi. Lakini wepesi huo ETF haiutengenezi. Inauazima kutoka kwa kilichomo ndani, na siku ya mkopo kudaiwa huwa ni siku mbaya. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2015, ETF kadhaa zenye hisa za kampuni kubwa na imara za Marekani ziliuzwa kwa bei iliyoporomoka zaidi ya asilimia 30, ilhali hisa zilizomo hazikushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Baadaye siku hiyo bei zikarudi, lakini si kwa yule ambaye agizo lake la kuuza bei ikishuka lilikuwa limeshatekelezwa. Aprili 2020, bei ya mafuta ilipoanguka hadi chini ya sifuri, waliokimbilia mfuko wa mafuta wa USO wakidhani wananunua mafuta kwa bei ya kutupa walikuta wamenunua mikataba ya mafuta ya miezi ijayo, ambayo lazima ibadilishwe kabla haijaiva, na kila badiliko lilikuwa linakula mtaji wao.

Somo hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu sasa inahubiriwa Afrika kwamba ETF ndizo zitakazoamsha masoko yetu yaliyolala. Nigeria ilikuwa na ETF yake New York, ya kampuni ya Global X, iliyoanza 2013. Kwenye skrini ya Marekani kipande kiliuzwa kwa sekunde. Ndani, hata hivyo, mlikuwa na hisa za Lagos zilizolipwa kwa naira, na dola zilipoadimika fedha hazikuweza kutoka nchini. Bei ya kipande na thamani ya kilichomo zikaachana, na hatimaye waendeshaji wakaamua kuufunga mfuko huo. Kifungashio kilikuwa kile kile cha New York. Barabara ya kutoka Lagos haikuwepo.

Nairobi iliorodhesha ETF ya dhahabu ya NewGold mwaka 2017, na kwa miaka mingi biashara yake ilikuwa ya kusuasua. Haikuwa kosa la dhahabu wala la mfuko. Soko lenye wanunuzi wachache haliongezewi wanunuzi kwa kupewa bidhaa inayohitaji wanunuzi wengi ili ifanye kazi. Wakati huo huo Tanzania, Umoja, mfuko wa pamoja wa taasisi ya UTT ulioanza 2005, umewaingiza kwenye uwekezaji walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, kwa vipande vinavyonunuliwa na kuuzwa kwa bei inayotokana na thamani halisi ya siku, bila skrini na bila dalali. Ukimwambia mtaalamu wa leo kwamba huo ni mfano wa kisasa, atakucheka. Lakini ndio unaofanana na alichokijenga Bogle: mtu anaweka, anatulia, anavuna. Kinachohitaji kufanyiwa kazi pale ni kushusha ada na kupanua chaguo. Kuweka bei inayocheza kila sekunde mbele ya macho ya mwalimu hakutamwongezea pensheni.

Tena kucheza kwa bei kuna gharama inayopimika. Shirika la Morningstar lilikokotoa kwamba katika miaka 10 iliyoishia 2023, mifuko ya Marekani, ETF zikiwemo, ilizaa wastani wa asilimia 7.3 kwa mwaka, lakini dola ya kawaida ya mwekezaji ilizaa 6.3. Tofauti hiyo haikuibwa na meneja. Ilipotea kwa kuingia na kutoka wakati usiofaa. Na ilikuwa kubwa zaidi kwenye mifuko ya sekta moja moja, ile ile inayojitembeza kwa bidii. Wepesi wa kuuza ni mali kwa mfanyabiashara wa siku. Kwa mwenye akiba ya miaka 30 ni kishawishi.

Imebaki hoja ya demokrasia. Tunaambiwa kwamba ETF zimewapa wananchi umiliki wa kampuni kubwa za dunia. Zimewapa faida, ndiyo. Umiliki ni jambo jingine, kwa kuwa mwenye hisa hupiga kura, na kura za hisa zilizomo kwenye mifuko hupigwa na waendeshaji wake. BlackRock, Vanguard na State Street kwa pamoja zinashikilia takribani moja ya tano ya hisa za kampuni kubwa za Marekani. Novemba 2018, chini ya miezi miwili kabla ya kufariki, Bogle mwenyewe aliandika katika Wall Street Journal akionya kwamba mwenendo ukiendelea, taasisi chache zitakuwa na sauti ya mwisho katika karibu kila kampuni kubwa ya nchi hiyo, na kwamba hilo halitakuwa kwa masilahi ya taifa. Huyo ndiye baba wa mfuko wa fahirisi, si adui yake. Tangu hapo makampuni hayo yameanza kuwaruhusu baadhi ya wenye vipande kuchagua mwongozo wa kura kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa. Kuchagua orodha uliyoandikiwa si kupiga kura. Kama neno demokrasia lina maana yoyote, haiwezi kuwa hiyo.

Nisieleweke kuwa niko pamoja na wale wanaotabiri kwamba mifuko ya fahirisi italipua masoko ya dunia. Wengi wao ni mameneja waliopoteza wateja, na asifuye mvua imemnyea. Anayeilaani naye huenda imemharibia biashara. Mfuko mpana, wa ada ndogo, ukiwa ndani ya ETF au nje yake, umebaki kuwa kitu bora ambacho tasnia ya fedha imewahi kumpa mtu wa kawaida. Ndiyo maana inauma kuona jina lake jema likikodishwa kwa kila anayetaka kuuza.

Kwa hiyo mamlaka za masoko ya mitaji za Nairobi na Dar es Salaam, zinapokaribisha bidhaa hizi, zisimruhusu muuzaji yeyote kutangaza ukubwa wa soko la ETF duniani kama sifa ya mfuko wake. Zimlazimishe aandike kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa kwanza: ndani mna nini, ada ni kiasi gani, mfuko umesajiliwa wapi, gawio litakatwa kodi gani, na siku ya taharuki nani ana wajibu wa kununua vipande. Mfuko mzuri utajaza ukurasa huo kwa mistari mitano. Usioweza kuujaza uzuiwe kuuzwa kwa umma, hata kama kifungashio chake kina matrilioni nyuma yake.